Namna ya Kuachana Vizuri Mkiwa Bado Mnapendana

Jumapili moja jioni nilikuwa kwenye kikao cha harusi, Mbagala, watu kumi na sita tumekaa kwenye viti vya plastiki. Katibu alisoma muhtasari wa kikao kilichopita. Mhazini akataja ahadi zimefika ngapi na taslimu ni ngapi, na wale wa ahadi za mdomoni wakasomwa majina. Tukaingia kwenye keki. Upande wa bwana harusi wanataka ngazi tatu, upande wa bibi harusi wanataka tano, na mpaka adhana ya isha inasikika keki ilikuwa imekula dakika arobaini. Maharusi wenyewe walikaa pembeni wanatabasamu. Hakuna aliyewauliza kile kiwanja alichonunua binti mwaka jana kitakuwa cha nani wakishaoana, wala mkopo wa bwana harusi unalipwa na nani.

Sherehe ya saa sita ina mwenyekiti, katibu, mhazini na bajeti. Ndoa ya miaka hamsini inaanza na cheti kimoja, basi.

Nimekuwa mshenga mara nne. Nimebeba barua za posa, nimekaa mkekani nikapokea masharti ya wazee: mahari kiasi hiki, kilemba cha baba, mkaja wa mama. Na mara mbili nimeitwa tena kwenye ndoa hizohizo nilizozitafutia ndiyo, safari hii nikagawe vitanda na makochi. Kazi hiyo ya pili ndiyo iliyonisukuma kuandika mwongozo huu. Ni wa wachumba waliokwishakubaliana, posa imepokelewa, tarehe inatafutwa, na unawafundisha namna ya kuachana. Kama kichwa cha habari kimekuchekesha, cheka kwanza. Ukimaliza, tafuta kalamu.

HATUA YA KWANZA: Chagueni siku mnayopendana kupita kiasi

Mazungumzo ya kuachana yana msimu wake, kama embe. Msimu wenyewe ni uchumba. Muulize kijana aliye kwenye uchumba: ikitokea mkashindwana, ungependa huyu binti alale wapi? Atakwambia alale pazuri, asisumbuke, watoto wasitolewe shuleni. Muulize mtu huyohuyo siku ya kugawana makochi. Atakwambia akalale alikotoka. Swali ni lilelile na mtu ni yuleyule, ila msimu umekwisha.

Mkataba wa kabla ya ndoa ni akiba ya ukarimu. Leo mnao mwingi hamjui pa kuupeleka. Uandikeni ungali wa moto, ili siku mtakapokuwa hamna hata chembe, karatasi iwe nao kwa niaba yenu. Hilo ndilo jambo moja ninalotaka ulikumbuke hata ukisahau mengine yote.

Msingoje ugomvi, maana mwenye hasira huandika hukumu. Wala msingoje wiki ya harusi, ambapo kadi zimesambazwa na ukumbi umelipiwa, halafu mmoja anatoa karatasi mfukoni: saini hapa au tuahirishe. Sheria ya Kenya ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013, ambayo inawaruhusu waziwazi watu wanaotarajia kuoana kukubaliana mapema kuhusu mali zao, inaruhusu pia mahakama kuutupa mkataba uliopatikana kwa udanganyifu au kwa kulazimishana, au ule ambao dhuluma yake inaonekana wazi. Karatasi ya kusainiwa huku fundi anashonea shela mwilini inanuka kulazimishana. Anzeni miezi sita kabla.

HATUA YA PILI: Nunueni daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wanawaambia wafanyabiashara, lakini hakuna duka lenye bidhaa nyingi kama nyumba ya watu wawili wanaofanya kazi.

Binti wa kaka yangu alinijia na mchumba wake, akaniambia, "Baba mdogo, tunataka utusimamie tuandike, maana tukiwa wawili tunaishia kucheka." Nikawaweka mezani, nikawapa daftari la kurasa tisini na sita, nikawachorea safu mbili: ninacho, na ninadaiwa. Kijana akaanza kwa kujiamini. Pikipiki moja. Kiwanja Chanika, chenye hati ya mauziano ya serikali ya mtaa. Akiba ya Saccos kazini. Alipofika safu ya pili, kalamu ikapunguza mwendo. Deni la Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu, lile linalokata asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi. Akapumua. Kisha, bila kuinua macho, akaandika mkopo wa kausha damu, ule wa riba kali, aliouchukua siku mama yake alipolazwa.

Binti hakuwa analijua deni hilo. Nilisikia feni tu ikizunguka. Baadaye akalivuta daftari, akaandika mbele ya lile deni kwa mwandiko wake: "La kwake. Mimi nitasaidia mpaka Juni." Kisha akamwambia, "Ungeniambia ningekuja hospitali na chakula tu?" Kijana akafuta uso kwa kiganja.

Nimehudhuria harusi nyingi, na viapo vingi nimevisikia kwa spika kubwa. Sijasikia kiapo kinachozidi mstari ule.

Kwa hiyo andikeni vyote. Hisa za Vikoba. Mtu uliyemdhamini kazini ambaye halipi. Ada ya mdogo wako unayemsomesha. Fedha unazotuma nyumbani kila mwisho wa mwezi. Mtoto uliyezaa kabla, na matumizi yake. Aliyeficha deni kabla ya ndoa hajamkomboa mwenzake na wasiwasi. Amemwahirishia tu, na riba inapanda.

HATUA YA TATU: Chukueni vikapu vitatu

Changu, chako, chetu. Gaweni orodha ya daftari kwenye vikapu hivyo, kitu kimoja baada ya kingine. Msidhani sheria imekwisha kuwafanyia kazi hiyo. Tanzania, chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kufunga ndoa peke yake hakuhamishi mali ya mtu kwenda kwa mwenzake. Kilichoandikwa jina lako huchukuliwa kuwa chako mpaka mwenzako athibitishe vinginevyo. Lakini mahakama ikivunja ndoa inaweza kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, na humo imo hata mali uliyoingia nayo, ikiwa mwenzako ameiendeleza kwa kiasi kikubwa mkiwa kwenye ndoa. Kiwanja cha Chanika leo kinabaki kwenye kikapu cha kijana. Mke akiweka msingi, kuta na bati kwa mshahara wake, tayari kimeanza kuhama kikapu. Andikeni mapema kitahamaje.

Kikapu kinachoumiza watu ni cha nne, ambacho wachumba huwa hawakioni: cha ukoo. Shangazi yangu aliolewa Kilosa akakaa huko miaka ishirini na miwili. Alishona nguo za shule za kijiji kizima. Kwa fedha za cherehani walifyatua tofali, wakanunua saruji mfuko kwa mfuko, wakapandisha nyumba ya vyumba vinne kwenye kiwanja cha baba mkwe. Ndoa ilipovunjika, wakwe wakakaa kikao, wakasema neno moja: kiwanja ni cha ukoo. Hawakusema uongo. Kiwanja kilikuwa cha ukoo kweli. Ila nyumba ilikuwa ya cherehani, na hakuna aliyekuwa ameandika. Tulikwenda kumchukua na gari la kukodi. Alitoka na begi moja na cherehani yenyewe, kwa sababu risiti yake ilikuwa na jina lake na aliihifadhi ndani ya Msahafu.

Kenya sheria ya 2013 inasema wazi kwamba mali inayoshikiliwa kwa amana, pamoja na amana ya kimila, si mali ya ndoa. Basi kabla hamjapeleka hata tofali moja kijijini, ulizeni ardhi ni ya nani, na mwenye ardhi aandike kwamba nyumba ni ya nani. Mwanamke mwenye mshahara wake na mwanamume anayejenga ukweni, swali ni moja.

HATUA YA NNE: Hesabuni kazi isiyo na risiti

Saruji ina risiti. Kuamka saa kumi alfajiri kumchemshia mtoto uji hakuna. Ndiyo maana hatua hii ni ngumu, na ndiyo maana msiiruke.

Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Bi Hawa alikuwa mama wa nyumbani. Mahakama za chini zilimwona hakuchangia kitu kwenye mali ya mumewe. Mahakama ya Rufani ikasema hapana: kazi za nyumbani na kuitunza familia ni mchango, ni sehemu ya zile juhudi za pamoja. Mlango ule umepitiwa na wanawake wengi tangu hapo. Yeye mwenyewe aliondoka mikono mitupu, kwa kuwa mahakama iliona alikuwa amekwisha kupewa na mumewe fedha nyingi za mradi wa familia akazitapanya. Shikeni yote mawili: kazi ya nyumbani inahesabiwa, na kila mmoja anaulizwa alichofanya na fedha za pamoja.

Kenya imekwenda mbali kidogo, ikaorodhesha michango isiyo ya fedha kwenye sheria yenyewe: kazi za nyumbani, malezi ya watoto, kuwa mwenza, kusimamia biashara au mali ya familia, kazi za shamba. Hata hivyo orodha haimpi mtu asilimia. Katika shauri ambalo Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua Januari 2023, na ambalo wanasheria hulitaja kwa herufi tu, JOO na MBO, Mahakama Kuu ilikuwa imempa mke asilimia 30 ya nyumba ya familia na asilimia 20 ya nyumba za kupangisha. Mahakama ya Rufani ikampa nusu kwa nusu, na Mahakama ya Juu ikaikubali hiyo nusu. Ila ikaeleza kwamba usawa wa wanandoa katika Katiba ya 2010 haumaanishi kila mali inakatwa katikati; kila mmoja aoneshe alichochangia.

Tazama hizo namba: 20, 30, 50. Ndoa ni moja, mali ni ileile, na namba zimebadilika kutoka mahakama moja hadi nyingine. Ninyi mnaweza kuandika namba yenu mezani, mnakunywa chai. Wale wawili wangu waliandika hivi: "Mmoja wetu akiacha kazi ya mshahara ili alee mtoto, miaka hiyo ni mchango sawa na wa yule anayeendelea kulipwa, na kila mwezi sehemu ya mshahara itaingia kwenye akaunti ya jina lake." Kijana ndiye aliyeongeza maneno ya jina lake. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Mama yangu hakuwahi kuwa na akaunti."

HATUA YA TANO: Jengeni mlango wa kutokea

Nyumba isiyo na mlango wa pili ikishika moto watu huruka madirishani. Ketini chini mjibu maswali haya bila haraka. Nani atabaki kwenye nyumba, na mpaka lini? Anayeondoka atapewa kodi ya miezi mingapi? Ada ya muhula unaoendelea inalipwa na nani? Mkopo uliochukuliwa mwenzako hajui ni wa nani? Mama mkwe anayeishi nanyi ataelekea wapi? Vyombo vya kichen pati ni vya nani?

Watoto msiwaweke kwenye orodha ya mali. Hamwezi kusaini kwamba mzazi mmoja hatatoa matumizi, wala kumuuza mtoto kwa kubadilishana na kiwanja. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inataka maslahi ya mtoto yatangulie, na mahakama italipita andiko lolote linalomkandamiza. Mnachoweza kuahidi ni adabu: kwamba hamtamtuma mtoto kupeleka matusi, kwamba babu na bibi wa pande zote wataendelea kumwona, kwamba sikukuu zitagawanywa kwa zamu.

Andikeni pia njia ya kufika mlangoni. Tanzania shauri la talaka kwa kawaida halifunguliwi mahakamani mpaka mmepita baraza la usuluhishi wa ndoa nalo likashindwa. Ninyi wekeni hatua moja kabla ya hapo: watu wawili mnaowaheshimu, mmoja kila upande, wa kuitwa kabla mtu hajafunga begi. Watajeni kwa majina na muwaombe ridhaa yao sasa.

Na wale wa sogea tukae wanaosema mwongozo huu hauwahusu kwa kuwa hawakufunga ndoa: sheria ya 1971 inasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, na jamii ikawajua kama mume na mke, inadhaniwa wameoana, mpaka ithibitishwe kwamba hawakuoana kihalali. Wakitengana, mahakama inaweza kutoa amri za mali na matunzo kama kwa wanandoa. Mmeshasogea na mmeshakaa. Nunueni daftari.

HATUA YA SITA: Mkabili kila atakayesema "unamtabiria mabaya"

Watakuja. Waambieni kwa heshima kwamba wazee wetu hawakuwahi kufunga ndoa bila mkataba. Mahari ni nini? Ni kiasi kilichotajwa mbele ya mashahidi. Kwa Waislamu ni haki ya mke mwenyewe, na inaweza kugawanywa, nyingine taslimu na nyingine deni. Qurani ina sura nzima, ya 65, inayoitwa Talaka, na aya ndefu kuliko zote katika Qurani, iliyo kwenye sura nyingine, inaagiza deni liandikwe na lishuhudiwe. Dini iliyopanga eda na matumizi ya eda haikuona aibu kuzungumzia kuachana. Masharti yenu mpelekeeni shehe ayapitie kabla ya siku ya kufunga.

Kwa Wakatoliki, muoneni padri mapema zaidi, kwa sababu sheria ya Kanisa inasema ndoa haifungwi kihalali kwa sharti la jambo lijalo. Altareni hamwendi na "ikiwa". Mnachokiandika ni hesabu za mali na madeni, na ahadi za namna mtakavyotendeana; "nakubali" yenu inabaki nzima.

Mimi niliyemwogopa zaidi alikuwa shangazi. Nilijua akisikia binti anaandika habari za kuachana atalia au atagomba. Nikamweleza kwa kuzunguka sana. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu: "Na habari ya kiwanja mmeandika?"

HATUA YA SABA: Mawakili wawili, mashahidi wawili, nakala tatu

Daftari likishajaa, lipelekeni kwa mwanasheria aligeuze kuwa mkataba. Kila mmoja awe na wake. Wakili mmoja hawezi kuwatetea watu wawili ambao siku moja wanaweza kusimama pande mbili, na yule ambaye hakuwa na wa kumshauri ndiye atakayesema kesho kwamba hakuelewa alichosaini. Kama fedha ni ndogo, kuna wasaidizi wa kisheria, na vyama vya wanasheria wanawake, TAWLA kwa Tanzania na FIDA kwa Kenya, vina huduma ya msaada wa kisheria. Muulizeni wakili uzito wa kila kipengele katika nchi yenu. Hata pale ambapo hakimu habanwi na andiko, andiko linamwonesha nani alileta nini, na hilo ndilo jambo analohangaika kulijua.

Sainini mbele ya mashahidi. Nakala moja kwake, moja kwako, moja kwa mtu mnayemwamini wote. Kisha ufungueni mkataba tena akizaliwa mtoto, mkinunua nyumba, mmoja akiacha kazi. Na benki ikileta fomu ya ridhaa ya mwenza ili nyumba iwekwe rehani, isomeni yote, mpaka mstari wa mwisho, kabla kalamu haijagusa karatasi.

Mkifika hapo kila mmoja atakuwa amejua mengi zaidi kuhusu mwenzake kuliko waliooana kwa miaka kumi. Na wachumba wakishindwana hatua ya pili au ya tatu, wakarudisha pete, nawapongeza kwa moyo wote. Wameachana vizuri, na keki haijaagizwa.

Wale wawili wangu walioana Desemba. Siku ya kichen pati, mke wangu alinisimulia, wanawake walipanga zawadi mpaka ukutani: masufuria, jiko la gesi, mablanketi, seti za glasi. Zamu ya shangazi ilipofika alisimama na kitu chembamba kilichofungwa kwa khanga. Binti akafungua. Lilikuwa daftari la jalada gumu, na ndani, ukurasa wa kwanza, shangazi alikuwa amebandika ile risiti ya cherehani yake.

"Mimi nilipewa vyombo, mjukuu wangu," alisema. "Vyombo vyote vilibaki kule."